James Grant, Mzee wa Pakiti Mfukoni

Kila mwaka ukurasa huu wa watu mashuhuri hujaa wafalme, majemadari, wanasiasa na washairi. Si vibaya, maana nao walifanya makubwa. Lakini mwaka huu mhariri aliponiuliza nitaandika juu ya nani, nilitaja jina ambalo wanachama wenzangu hawakuwahi kulisikia hata siku moja. Nikaulizwa, ni mchezaji wa mpira huyo? La hasha. James Grant alikuwa mwanasheria Mmarekani aliyeongoza UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, tangu mwaka wa 1980 hadi 1995. Yapo makadirio yanayosema kwamba kazi aliyoiongoza iliokoa maisha ya watoto wapatao milioni 25. Ukiwapanga mstari watoto hao, sijui mstari huo ungeishia wapi.

Haya basi, tuanze mwanzo kama desturi.

James Grant alizaliwa tarehe 12 Mei 1922 katika mji wa Beijing, Uchina, ambao siku hizo wageni waliuita Peking. Kwa nini mtoto wa Kizungu azaliwe huko? Babu yake alikuwa mmishonari daktari kutoka Kanada aliyekwenda kutibu Wachina. Baba yake, Dkt. John Grant, naye alizaliwa hukohuko, akawa mwalimu wa afya ya umma katika chuo cha udaktari cha Beijing. Mzee huyo hakupenda kukaa hospitalini akingoja wagonjwa wamfuate. Alishikilia kwamba daktari mzuri ni yule anayetoka kwenda mitaani na vijijini kuzuia ugonjwa kabla haujaingia. Akasaidia kazi ya kuwafundisha wanakijiji wa kawaida, watu wa jembe, kuchanja wenzao na kutunza visima. Kijana James aliyaona hayo yote kwa macho yake. Wahenga hawakukosea waliposema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Alikaa Uchina hadi alipokuwa na miaka kumi na mitano hivi, na Kichina alikisema. Baadaye alikwenda Marekani, akasomea uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akamaliza mwaka wa 1943. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, akaingia jeshini, akapelekwa pande za Burma na Uchina. Vita vilipokwisha alirudi Uchina kufanya kazi ya misaada ya Umoja wa Mataifa, wakati Wachina wenyewe walikuwa wakipigana wao kwa wao. Hapo alijifunza jambo ambalo lilikuja kumfaa sana uzeeni: kwamba inawezekana kuzungumza na pande mbili zinazopigana, ikiwa unachowaletea ni chakula na dawa, si siasa.

Alisomea sheria Harvard, akahitimu mwaka wa 1951. Baadaye alitumikia serikali yake katika kazi za misaada huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na pia Uturuki. Mwaka wa 1969 alianzisha taasisi ya kuchunguza maendeleo ya nchi maskini, akaiongoza miaka kumi. Mambo hayo nayapitia harakaharaka kwa sababu hayo ndiyo yaliyomwandaa tu. Kazi yenyewe ilianza Januari 1980, alipokabidhiwa UNICEF.

Wakati huo hali ilikuwaje? Jamani, mambo yalikuwa ya kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, watoto wapatao 40,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wakifa kila siku duniani. Sikusema kila mwaka, nimesema kila siku. Ajali ya ndege ikiua watu mia mbili redio zote hutangaza, lakini vifo hivi havikutangazwa popote, maana vilitokea kimoja kimoja, katika vibanda vya matope na mitaa ya mabanda, mbali na kamera. Tena wengi wa watoto hao hawakufa kwa maradhi ya ajabu yasiyojulikana. Walikufa kwa kuhara, kwa nimonia, kwa surua, kwa pepopunda na kwa kukosa chakula cha kutosha. Kuhara peke yake kulikuwa kukiua watoto zaidi ya milioni 4 kwa mwaka.

Kilichomuudhi Grant ni kwamba dawa zilikuwepo tayari. Hapa naomba mnivumilie kidogo tuingie maabara, hasa wale wa somo la Biolojia.

Mtoto anapoharisha, kinachomuua kwa kawaida ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Zamani dawa ilikuwa dripu, yaani maji ya kutiwa mshipani kwa sindano. Dripu inahitaji hospitali, muuguzi na pesa. Mama aliye kilomita thelathini kutoka barabarani atafanyaje? Ukimpa mtoto maji matupu, utumbo wake mgonjwa huyaacha mengi yapite tu. Kumbe utumbo una siri yake. Katika miaka ya sitini wanasayansi waligundua kwamba chumvi na sukari ya glukosi zikifika pamoja kwenye ukuta wa utumbo, huingia mwilini zikiwa zimeshikana mikono kama marafiki wawili, na maji huzifuata nyuma. Mlango huo hubaki wazi hata mgonjwa akiwa na kipindupindu. Majaribio yalifanywa Dhaka na Calcutta.

Kisha ikaja vita ya mwaka wa 1971, wakimbizi kwa mamilioni wakatoka nchi ambayo leo ni Bangladesh wakaingia India. Kipindupindu kikazuka kambini. Daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, aliishiwa na dripu katika kambi ya Bangaon. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa ya maji safi, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Mahali ambapo karibu wagonjwa 30 kati ya kila 100 walikuwa wakifa, walikufa wasiofika 4. Si mchezo!

Basi dawa ilikuwepo, bei yake kama senti kumi za dola kwa pakiti, na bado watoto walikufa kwa mamilioni. Swali la Grant lilikuwa la kimwanasheria zaidi kuliko la kidaktari: kama kinga ipo na ni rahisi, ni nani anayestahili kulaumiwa mtoto anapokufa? Yeye alijibu kwamba lawama si ya mama, ni ya viongozi na jamii iliyoshindwa kumfikishia mama huyo maarifa na pakiti.

Mwisho wa mwaka wa 1982 alitangaza kile alichokiita mapinduzi ya kuokoa maisha ya watoto. Silaha za mapinduzi hayo zilikuwa nne tu: kumpima mtoto uzito kila mwezi ili kujua kama anakua, kumpa maji ya chumvi na sukari anapoharisha, kumnyonyesha maziwa ya mama, na kumchanja. Baadaye ziliongezwa tatu: kuwasomesha wasichana, kupanga uzazi, na chakula cha nyongeza kwa mama na mtoto. Msiidharau chanjo katika habari hii ya nimonia. Surua na kifaduro huacha mapafu ya mtoto yakiwa hoi, na watoto wengi wanaosemekana wamekufa kwa surua kwa hakika humalizwa na nimonia inayofuata. Ukizuia surua umeziba mlango mmoja wa nimonia.

Sasa tazameni jinsi mzee huyu alivyofanya kazi. Mfukoni mwa koti lake alitembea na pakiti ya chumvichumvi hizo za kutia katika maji. Akikutana na rais au waziri mkuu, hata kwenye karamu kubwa, aliitoa pakiti akaiweka mezani. Kisha akamuuliza mheshimiwa: ni watoto wangapi kati ya mia moja nchini mwako wamechanjwa? Viongozi wengi walijua bei ya kahawa na idadi ya askari wao, lakini hilo hawakulijua. Wakaona haya, wakawauliza mawaziri wao. Huo ndio uliokuwa ujanja wake. Alimfanya mkubwa aone kwamba kuokoa watoto kutampa sifa, na kushindwa kutampa aibu.

Mwaka wa 1984 Rais Belisario Betancur wa Kolombia alikubali. Redio, magazeti, mapadre, polisi, walimu na Msalaba Mwekundu walishirikiana katika siku tatu za taifa za chanjo. Mwaka wa 1985 Uturuki ikafuata, walimu wa shule na maimamu wa misikiti wakawa ndio tarumbeta ya kuwaita wazazi. Kule Bangladesh, shirika la wananchi liitwalo BRAC lilikuwa likituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya wenyewe chumvi ya kufinya kwa vidole vitatu na gao la sukari guru katika maji. Waalimu hao walilipwa kulingana na yale ambayo mama aliyafahamu na kuyakumbuka baadaye. Mama akisahau, mshahara unapungua! Nadhani walimu wetu watafurahi kwamba Wizara haijapata wazo hilo. Kufikia mwaka wa 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Lakini jambo lililonifanya nimpende Grant ni lile la El Salvador. Nchi hiyo ndogo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Grant alimwendea Rais José Napoleón Duarte na pendekezo ambalo wengi waliliona la kichaa: kwamba vita visimame ili watoto wachanjwe. Kanisa Katoliki likapeleka ujumbe kwa wapiganaji wa msituni. Hoja ilikuwa nyepesi lakini nzito: watoto wanaokufa kwa surua na maradhi mengine yanayozuilika ni wengi kuliko wanaouawa kwa risasi, na hakuna upande unaopigania kuwaua watoto wake. Mwaka wa 1985 bunduki zilinyamaza kwa siku tatu, siku moja kila mwezi, na watoto kama 250,000 wakachanjwa. Mwaka uliofuata wakafanya tena, na tena, hadi vita vikaisha mwaka wa 1992.

Sisi Wakenya tunaijua kazi yake kwa njia nyingine. Mwaka wa 1988 njaa na vita viliua watu wapatao robo milioni kusini mwa Sudan. Mwaka wa 1989 Grant alitumwa kuzungumza na serikali ya Khartoum na jeshi la John Garang, hadi pande zote mbili zikakubali chakula na dawa zipite. Mpango huo ndio uliokigeuza kituo cha Lokichoggio, kule Turkana, kuwa uwanja wa ndege zilizojaa mahindi na dawa kwa miaka mingi. Waliosoma au kuishi kaskazini huenda wamesimuliwa na wazazi wao.

Isidhaniwe kwamba kila mtu alimshangilia. Halfdan Mahler, mkuu wa Shirika la Afya Duniani wakati huo, hakupendezwa na njia hiyo. Mwaka wa 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikuwa yameahidi afya ya msingi kwa wote: zahanati, maji safi, wahudumu, elimu. Mahler aliogopa kwamba Grant anachuma matunda ya chini tu na kuuacha mti ukauke. Grant akajibu kwamba mtoto wa leo hawezi kungoja mti ukue.

Nani alikuwa na haki? Mimi nimelifikiri sana jambo hili, na naona kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli. Chanjo, ambazo kabla ya kampeni ziliwafikia watoto wachache sana katika nchi maskini, zilikaribia kuwafikia 80 kati ya kila 100 duniani kufikia mwaka wa 1990. Huo ni ushindi wa Grant. Lakini katika miaka ya tisini, pesa za kampeni zilipopungua, nchi nyingi za Afrika zilirudi nyuma. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa mwaka wa 1993 ulionyesha kwamba watoto 96 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka wa 2003 ukaonyesha 115. Tulipanda badala ya kushuka! Ukimwi ulichangia, na umaskini pia, lakini zahanati dhaifu nazo zilichangia, na hapo Mahler angetikisa kichwa.

Mnamo tarehe 29 na 30 Septemba 1990, Grant aliwakusanya New York marais na mawaziri wakuu 71 katika Mkutano wa Dunia wa Watoto. Waliahidi kupunguza vifo vya kuhara kwa nusu na vile vya maradhi ya kifua, nimonia ikiwa mbele, kwa theluthi moja katika miaka kumi. Mwaka huohuo Mkataba wa Haki za Mtoto ulianza kufanya kazi, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuuidhinisha.

Alipopatwa na saratani hakupumzika. Aliendelea kusafiri akiwa amedhoofika, nguo zikimpwaya mwilini. Alijiuzulu Januari 1995 akiwa kitandani, na tarehe 28 ya mwezi huohuo akafariki dunia, umri wake miaka 72. Katika siku zake za mwisho alikuwa bado akiisihi serikali ya nchi yake itie sahihi Mkataba wa Haki za Mtoto. Ilitia sahihi Februari 1995, yeye akiwa kaburini, lakini kuidhinisha haijaidhinisha mpaka leo. Mungu amrehemu.

Sasa nieleze kwa nini nimemleta mzee huyu wa mbali katika jarida la Kiswahili. Marehemu nyanya yangu alishikilia kwamba mtoto anayeendesha asipewe maji, eti yanaongeza kuhara. Hakuwa mtu mbaya, alipenda wajukuu wake kupita kiasi. Mdogo wangu alipoendesha siku mbili, macho yakaingia ndani na machozi yakakauka, ni mama aliyebishana naye kwa heshima, akachanganya maji, akamnywesha kijiko kwa kijiko huku wakielekea zahanati. Mdogo wangu huyo sasa ananishinda mbio. Lakini mtoto wa jirani hakubahatika. Yeye alikohoa siku tatu, kila mtu akisema ni homa ya baridi itapita. Alikuwa akihema upesiupesi na kifua kikibonyea ndani, na hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo alama. Tulimzika Jumamosi.

Kwa hivyo, wenzangu, tukifunga shule tusiende nyumbani na riwaya peke yake. Tuwe na maarifa haya. Mtoto akiharisha, mpe maji ya pakiti za ORS, ukisoma vizuri kwenye pakiti ni maji kiasi gani. Pakiti zisipokuwepo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visizidi. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akiwa na kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, msingoje hata chai. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto anyonye bila kuchanganyiwa chochote kwa miezi sita. Na chanjo za nimonia, iliyoletwa nchini mwaka wa 2011, na ya kuhara kwa virusi vya rota, ya mwaka wa 2014, zisiachwe.

Matunda yanaonekana. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wetu vimeshuka hadi 41 kati ya 1,000. Duniani, vifo zaidi ya milioni 12 vya mwaka wa 1990 vilikuwa vimeshuka chini ya milioni 5 mwaka wa 2022. Hata hivyo nimonia bado huua watoto laki kadhaa kila mwaka, na kuhara zaidi ya laki nne, na karibu wote ni watoto wa watu kama sisi. Bado zaidi ya nusu ya watoto wanaoharisha duniani hawapewi ile pakiti ya Grant.

Akina sisi hatuna nafasi ya kula karamu na marais tukawawekea pakiti mezani. Lakini tuna mama zetu, shangazi zetu na nyanya zetu, na tunazo lugha zao. Mama wa Bangladesh hakufundishwa na profesa, alifundishwa na mwanamke aliyeketi naye chini uani, akamweleza kwa maneno anayoyajua. Kazi hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anaiweza vizuri kabisa. Likizo inaanza Ijumaa. Mtoto wa kwanza mdogo utakayemkuta nyumbani, muulize mamake kama kadi ya chanjo imejaa.